Jangwa la Dubai si bidhaa ya bei ya jumla

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua. Siku hizi mtu wa Makoroboi au Kirumba hapa Mwanza anayekwenda Dubai kufuata mzigo harudi na marobota peke yake. Anarudi na picha pia: kanga kichwani, ngamia nyuma yake, mchanga mwekundu hadi macho yanapokomea. Safari ile ya mchana mmoja jangwani, ya gari kuruka vilima vya mchanga kisha chakula cha usiku kambini, imeshaingia kwenye vifurushi vya mawakala wa tiketi hapa mjini, na inauzwa kama dazeni ya vitenge. Unatajiwa bei, huambiwi ndani kuna nini. Malalamiko yetu yako hapo. Karibu kila kinachoiharibu safari ile, au kinachomrudisha mtu hotelini ameshika kiuno, huamuliwa kabla hajapanda gari, na muuzaji wa huku Mwanza ndiye angeweza kukisema mapema kwa lugha tunayoelewana.

Tuanze na saa, kwa kuwa ndizo zinazoangusha wengi. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Simu yenye mtandao hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haijirekebishi, na simu iliyozimiwa data ili isimalize salio nayo inaweza kubaki na saa ya Mwanza. Juu ya hapo kuna hesabu yetu wenyewe ya saa. Dereva akiandika kwamba atafika saa 3:00, anamaanisha saa tisa alasiri ya kule, ambayo huku nyumbani ni saa nane mchana. Wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri, lakini mtu aliyeshinda Deira, mtaa wa maduka wa Dubai, tangu asubuhi, mkononi ana risiti kumi, kichwani anahesabu dirham, hujikwaa hata kwenye anachokijua. Andika kwenye karatasi: saa tisa alasiri ya Dubai, mlangoni. Gari la pamoja hubeba abiria sita hivi wa hoteli mbalimbali. Halisubiri zaidi ya dakika chache, na aliyekosekana kwa kawaida harudishiwi hela.

Saa ya kuchukuliwa nayo haikai palepale mwaka mzima. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea jua linalozama karibu saa moja jioni, likipishana kwa nusu saa tu kati ya msimu na msimu. Dubai si hivyo. Mwanzoni mwa Desemba jua linazama saa 11:30 jioni. Mwishoni mwa Juni linazama saa 1:13 usiku. Tofauti inakaribia saa moja na dakika arobaini na tano. Safari ya alasiri hupangwa ili abiria awe juu ya mchanga jua likielekea kuzama, maana wakati huo joto limepungua, vivuli vimerefuka na mikunjo ya mchanga inaonekana. Kwa hiyo Desemba ukiambiwa utachukuliwa saa kumi, kataa. Toa saa moja ya barabarani, toa muda wa kuzunguka kukusanya abiria wengine, utafika giza limeingia, na picha utakayopiga itakuwa ya taa za gari. Desemba na Januari, saa nane hadi nane na nusu ndiyo saa ya kutoka. Juni na Julai, saa tisa na nusu si mbaya.

Tumetaja Juni na Julai, lakini ukweli ni kwamba miezi hiyo si ya jangwani. Watu wa Mwanza tunajisifu kwamba jua tunalijua. Jua tunalolijua ni la mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, ambako nyuzi 30 ni siku ya kulalamika. Dubai wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40 na siku nyingi hukaribia 45. Serikali ya kule hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:00 mchana, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, na hao wanaolindwa ni mafundi wa ujenzi waliozoea. Mgeni aliyetua juzi hana la kubishana nao. Pwani ya Deira hewa ina unyevu, jasho linaonekana na mtu anajua anatokwa na maji. Kule ndani ya mchanga hewa ni kavu zaidi, jasho linakauka kabla halijaonekana, na mtu anadhani yuko salama kwa sababu shati lake ni kavu. Anayelazimika kwenda miezi hiyo aulizie safari ya alfajiri. Juni jua huchomoza saa 11:30 hivi, na kufikia saa tatu asubuhi unakuwa umerudi. Chakula cha usiku kambini utakikosa, lakini kichwa hakitakuuma.

Miezi mizuri ni kuanzia Novemba hadi Machi. Mawakala hawasemi kwamba Januari jangwani usiku ni baridi. Joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, na kambi ni ya wazi, watu wamekaa juu ya mazulia. Sweta ambalo mtu wa Mwanza hulivaa akisafiri kwenda Mbeya ndilo la kubeba. Tumeona watu wamejifunika mifuko ya ununuzi.

Sasa mahali. Neno «jangwani» kwenye kipeperushi halimwambii mtu kitu. Mchanga mwekundu unaoonekana kwenye picha nyingi ni wa Lahbab, kwenye barabara ya Dubai kwenda Hatta. Wekundu ule ni wa chuma kilichoshika kutu juu ya chembe za mchanga. Ukikaribia bahari mchanga unakuwa mweupe kwa sababu umechanganyika na magamba ya konokono na kombe yaliyosagika. Lahbab kuna vilima virefu, na kwa hiyo kuna msongamano: magari, pikipiki za matairi manne, wauza soda, vumbi. Anayetaka kelele na kuruka aende huko. Anayetaka kimya aulizie hifadhi ya jangwa ya Dubai, yenye kilomita za mraba 225, zaidi ya mara mia moja ya hifadhi yetu ya Kisiwa cha Saanane. Mle ndani pikipiki haziruhusiwi, magari yana njia zake, na kuna choroa weupe wa Arabuni, ndugu wa choroa wetu wa Tarangire na Mkomazi. Choroa hao walikuwa wametoweka porini kabisa kufikia 1972 na wakarudishwa kutokana na waliokuwa wamefugwa. Bei ya hifadhini ni kubwa zaidi, na mtu asiyependa wanyama ataona ameibiwa. Ni vizuri ajijue kabla.

Hapa kuna jambo la manufaa ambalo wafanyabiashara wengi hawalioni kwa kuwa hawatazami ramani. Dragon Mart, lile soko la bidhaa za China ambako wengi wetu tunachukua taa, vigae na vyombo, liko kwenye barabara hiyohiyo ya Hatta. Mtu anayenunua pale asubuhi, kisha akapanda teksi kurudi Deira ili gari la jangwani limfuate hotelini na kumpitisha tena mbele ya Dragon Mart, amelipa nauli ya bure na amepoteza karibu saa mbili. Omba uchukuliwe pale sokoni, taja lango namba ngapi, na uhakikishe mzigo wako umeshakabidhiwa kwa watu wa kargo. Usiende nao jangwani. Buti la gari la watalii lina tairi ya akiba, koleo na kamba, na halina nafasi ya boksi la taa.

Tuje kwenye gari lenyewe, kwa maana hapa ndipo maswali ya kuuliza yana thamani. Gari likiacha lami, husimama, na dereva huanza kutoa upepo kwenye matairi. Abiria wengine hudhani gari limepata hitilafu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba umepata dereva anayejua kazi. Tairi la gari kama Land Cruiser likiwa barabarani huwa na upepo wa 35 hivi kwa kipimo cha PSI. Mchangani hushushwa hadi kati ya 15 na 18. Tairi likilegea, sehemu inayogusa chini hurefuka, uzito husambaa, na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kila mvuvi aliyewahi kusukuma baiskeli ufukweni anaijua tofauti ya mchanga wa majimaji, unaobeba, na mchanga mkavu, unaomeza. Jangwa lote ni ule unaomeza. Lakini upepo ukishushwa chini ya 10, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu gari likikata kona, na gari lililo kwenye mteremko likipoteza tairi hubiringika. Wakati wa kurudi, kabla ya kupanda lami, upepo lazima ujazwe tena. Tairi lililolegea likikimbizwa kilomita 100 kwa saa juu ya lami hupata moto ubavuni na kupasuka. Kwa hiyo dereva asiyesimama kutoa upepo anapoingia, au asiyesimama kujaza anapotoka, mwambie asimame. Una haki hiyo, hata kama gari zima linakuangalia.

Vilima vyenyewe vina pande mbili zisizofanana. Upande unaotoka upepo ni mrefu, umelala, mchanga wake umeshindiliwa. Upande wa pili ni mfupi na mkali, na mchanga wake umemwagika tu kutoka juu, kama mpumba unavyojilundika nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Ukiendelea kumwaga, lundo halizidi kuwa kali, linaporomoka tu. Mchanga mkavu hufika kama nyuzi 33 na kugoma hapo. Gari hupanda upande uliolala kwa kasi ya kutosha kufika juu, si zaidi, na hushuka upande mkali likiwa limenyooka, pua chini, gia nzito, bila breki za ghafla. Kushuka ubavuubavu ndiko kunakopindua magari, kwa kuwa tairi za chini huzama na za juu hunyanyuka. Dereva mzuri utamwona anasita sekunde moja kileleni kabla ya kushuka, anatazama kama upande wa pili kuna gari. Dereva mbaya huruka kilele kwa sababu abiria wanapiga kelele za furaha. Waswahili tuna tabia ya kumshangilia dereva wa basi anayepita wenzake. Kule tabia hiyo iachwe hotelini.

Gari halipaswi kwenda peke yake. Likikwama bila jirani, chembe za mchanga hazijali gari ni la bei gani. Dereva akikwama, akaendelea kukanyaga mafuta, gari huchimba hadi likalala juu ya tumbo lake, na hapo kazi ya dakika kumi imekuwa ya saa nzima. Kinachotakiwa ni kuacha mafuta mara moja, abiria kushuka upande wa juu wa mteremko, kufukua mbele na nyuma ya kila tairi, kushusha upepo kidogo tena, kisha kujaribu kurudi nyuma kwenye nyayo zilezile ambazo mchanga wake umeshagandamizwa. Ikishindikana, gari la pili linavuta. Wakati wa kuvuta, abiria asisimame karibu na kamba wala kuiruka ili apige picha. Kamba ikikatika, au ndoano ikichomoka, hurudi kwa nguvu ya kuua mtu. Ajali ya namna hiyo haihitaji kasi wala kilima.

Viti. Atakayekaa kiti cha nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, atarushwa maradufu. Aliyewahi kwenda kisiwa cha Ukara kwa mtumbwi siku ya upepo anaelewa: anayekaa katikati ya mtumbwi anatikiswa, anayekaa mwishoni anainuliwa na kupigizwa. Kiti cha mbele kando ya dereva, na mstari wa kati, ndivyo vya mtu mwenye tumbo jepesi. Mstari wa nyuma waachiwe vijana. Mkanda ufungwe na wote, wa nyuma pia, na ndani ya gari kuwe na fremu ya mabomba ya chuma chini ya paa. Ukiangalia juu utaiona. Kama haipo, hilo ni gari la kwenda sokoni.

Kula saa mbili kabla, kidogo, kisicho na mafuta. Biriani la Deira lililoliwa saa saba mchana litarudi saa kumi. Dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari humezwa kama saa moja kabla ya kuingia mchangani. Ikimezwa kichefuchefu kikiwa kimeshaanza haisaidii sana. Wengine inawasinzisha, na hilo si baya kwa abiria. Ndani ya gari tazama mbali, usitazame simu. Ukizidiwa sema mapema, dereva atasimama bila kukasirika, kwani kuosha gari ni kazi yake mwenyewe.

Wako watu ambao sehemu hii ya kuruka vilima haiwafai kabisa. Nao ni wajawazito, mtu mwenye pingili za mgongo au shingo zilizoteguka, aliyefanyiwa upasuaji miezi ya karibuni, mwenye ugonjwa wa moyo, na mtoto mdogo asiyeweza kushika kichwa chake vizuri kwenye mtikisiko. Hawahitaji kubaki hotelini. Kampuni nyingi zina gari linalopita njia ya kawaida moja kwa moja hadi kambini, lakini lazima liombwe wakati wa kulipia. Ukisema mlangoni saa tisa, wenzako watano wameshalipia kuruka na wewe ndiye utakayenyamazishwa.

Tunaongeza moja la kwetu. Kanda ya Ziwa ina familia nyingi zenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kupungukiwa maji na mabadiliko ya ghafla kutoka joto la mchana kwenda baridi ya usiku ni mambo mawili yanayoweza kuamsha maumivu ya selimundu, na jangwa linayatoa yote mawili ndani ya saa tano. Mwenye selimundu azungumze na daktari wake kabla, anywe maji tangu asubuhi, avae nguo nzito mapema jua likianza kushuka, wala asisubiri atetemeke. Na kuhusu dawa za maumivu: tramadol na dawa zenye codeine, ambazo wengine wetu hubeba kwa ajili ya mgongo, kule zinadhibitiwa kwa sheria kali. Usizifunge kwenye begi bila cheti cha daktari na bila kibali kinachotakiwa. Watu wamelala mahabusu kwa vidonge.

Maji ya kubeba ni lita moja na nusu hadi mbili kwa kila mtu kwa safari ya alasiri, hata kama kambini yapo. Pakiti mbili za chumvichumvi za kuzuia kuishiwa maji, zile zinazotolewa zahanati mtoto akiharisha, hazina uzito na zinamfaa mtu mzima pia. Mtu akiumwa kichwa, misuli ikamkaza na jasho likimtoka jingi, mweke kivulini, mpe maji kidogokidogo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka na ngozi yake ikawa ya moto, hilo ni jambo la dharura. Mmwagie maji, mpepee, piga 998 ya gari la wagonjwa au 999 ya polisi. Namba hizo mbili ziandikwe kwenye karatasi ileile yenye saa.

Kuhusu mavazi hatuna mengi ya kumfundisha mtu mwenye kanga. Kanga moja ya pamba inafunika kichwa, inazuia mchanga puani, inakuwa mto garini na shuka kambini. Suruali ndefu nyepesi, mikono mirefu, miwani ya jua. Mwenye pumu abebe bomba lake mfukoni, lisiwe hotelini, hasa upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma. Viatu vya wazi hujaa mchanga hatua ya tatu, na mchana mchanga unachoma. Jua likishazama vua kabisa utembee pekupeku, ndiyo raha yenyewe. Simu iwekwe kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa juu. Tundu la chaji likiingia mchanga, usilipulize kwa mdomo, unalisukumia na unyevu. Ligonge taratibu likitazama chini, au tumia brashi kavu.

Pikipiki ya matairi manne mara nyingi ni malipo ya pembeni, na ndiyo inayovunja mifupa. Wanaoendesha bodaboda hapa Mwanza hudhani wameshahitimu. Bodaboda hulalia kona. Mashine ile hailali, inapinduka, na ina uzito wa kumlalia mtu. Kilema chake kikubwa ni kileleni. Dereva mgeni hukanyaga mafuta hadi juu, hakuna ardhi mbele, mashine inaruka pua chini. Baki kwenye uwanja ulionyooka, vaa kofia ngumu na miwani, usipakize mtu. Soma pia bima yako ya safari, maana nyingi huondoa michezo ya hatari na mashine ile ni mmojawapo. Karatasi watakayokupa usaini kabla ya kuwasha inasema ukiumia ni shauri lako, na imeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu.

Ngamia ni mpole lakini ana hila moja. Akisimama, huanza na miguu ya nyuma. Akiketi, huanza na ya mbele. Mara zote mbili unatupwa mbele. Kwa hiyo kusimama lala nyuma, kuketi lala nyuma, shika kishikio kwa mikono miwili, simu iwe mfukoni. Kwenye kifurushi cha kawaida ngamia anakuzungusha dakika chache tu mbele ya kambi. Anayewaza kuvuka jangwa kwa ngamia alipie safari nyingine.

Wanaopanga kukodi gari na kuingia wenyewe, tunawaomba wasijaribu. Mikataba mingi ya kukodi hukataza kuacha lami, na likikwama utalipia kuvutwa, kutengenezwa na siku ambazo halikufanya kazi.

Bei tuitaje namna ya kuihesabu, kwa kuwa hubadilika kila msimu. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.67, haipandi wala haishuki. Basi wakala wa Mwanza akikutajia bei kwa dola, zidisha, ulinganishe na bei ya kule. Safari ya dirham 150 ni kama dola 41. Anayekuuzia hiyohiyo dola 90 ana haki ya faida yake, ila aeleze imetokana na nini: labda gari ni la familia yako peke yako, labda pikipiki imo ndani. Uliza kama kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5, imehesabiwa. Uliza kampuni inayobeba ina leseni ya utalii ya Dubai. Uliza kuruka vilima ni dakika ngapi. Za bei ya chini mara nyingi ni 20 na za bei ya juu hufika 45. Ukienda mwezi wa Ramadhani, uliza kama ngoma ipo, kwa sababu kambi nyingi huondoa muziki na chakula husubiri Magharibi. Ijumaa kazi nyingi za serikali huisha mchana tangu 2022, hivyo Ijumaa jioni na Jumamosi kambi hujaa wenyeji pia. Jumatatu hadi Jumatano kuna nafasi ya kupumua.

Siku ya kwenda ni ile ambayo mzigo umeshafika kwa kargo na unafungwa. Siku ya kuwasili mwili haujalala. Siku ya mwisho ni kamari, maana kurudi hotelini ni saa tatu au nne usiku, na ndege nyingi za kuja Dar es Salaam, Nairobi au Addis Ababa huondoka usiku wa manane au alfajiri. Gari moja likikwama Lahbab, tiketi imekwenda.

Ombi letu kwa mawakala wa Mwanza ni dogo. Kwenye risiti ya kifurushi waandike kwa Kiswahili jina la kampuni itakayobeba, saa ya kuchukuliwa kwa hesabu yetu na kwa hesabu ya kule, jangwa gani, dakika za kuruka, na yasiyomo kwenye bei. Nusu ukurasa unatosha. Na wamuulize mteja kabla ya kupokea hela kama ana ujauzito, mgongo au selimundu. Duka la dawa linauliza kabla ya kukupa kidonge cha malaria. Hawa wanachukua dola na kukutakia safari njema.

Wafanyabiashara na madereva,
Makoroboi, Mwanza.